Oili huonekana chini, tundu liko juu

Pikipiki nyingi tunazopanda huku Kusini mwa Tanzania hubeba oili ya kama lita moja tu kwenye injini. Lita hiyo moja ndiyo inayolainisha pistoni na krankshafti, ndiyo inayolainisha gia, na ndiyo ambayo sahani za klachi huogelea ndani yake. Gari dogo hubeba lita tatu au nne. Likipoteza nusu lita bado linaendelea na safari. Pikipiki ikipoteza nusu lita imebakiwa na nusu. Tena injini hizi hupozwa na upepo, hazina rejeta, kwa hiyo oili hiyohiyo ina kazi ya kubeba joto kutoka ndani na kulifikisha kwenye kuta za injini. Ndiyo maana mtu akiniambia ya kwake "inatoa jasho kidogo tu", namwomba aishughulikie wiki hiyohiyo. Injini iliyokaukiwa oili hukamata ukiwa barabarani na mzigo, na gurudumu la nyuma linaweza kujifunga hapohapo.

Mimi nachuuza samaki. Nanunua Mikindani, au siku ambazo Mikindani hakuna kitu nakwenda mpaka Soko la Feri Mtwara mjini, kama kilomita 10 hivi, kisha nafunga deli kwenye keria na kupanda nalo njia ya Nanguruwe kuelekea Nanyamba. Msimu wa korosho, wakulima wanapolipwa, huko juu samaki hawalali. Pikipiki ikilala siku mbili msimu huo, wateja wangu wanachukuliwa na mwenzangu, na hawarudi kirahisi.

Chombo chenyewe ni cha Kichina, injini ya aina ya CG, ile ambayo Honda waliitoa mwaka 1976 na baadaye viwanda vingi vya China vikaiiga. Naipenda injini hii na nasema wazi. Haina cheni ya taimingi. Valvu zake husukumwa na fito mbili zinazopanda kutoka chini. Sehemu kubwa ya kazi zake hufanyika kwa spana namba 8, 10, 12, 14 na 17, bisibisi nyota na nyundo ndogo. Mtu mwenye subira na uwanja safi anaweza kuimudu nyumbani kwake.

Uvujaji wangu ulionekana upande wa kushoto, chini ya pedali ya gia. Asubuhi kulikuwa na doa jeusi kwenye mchanga wa uani, na safarini kiatu cha kushoto kilikuwa kinateleza kwenye pedali. Fundi wa kwanza alitazama, akasema sili ya shafti ya gia, ule mpira wa duara unaozuia oili isitoke pembeni mwa shafti, imekufa. Kwa mahali lile jibu lake lilikuwa na mantiki, maana shafti ya gia inatokea palepale. Akabadilisha sili, ikawa kavu kwa muda, kisha doa likarudi. Fundi wa pili alipaka gundi nyeusi kuzunguka kava lote la magneti, kile kifuniko cha kushoto kinachofunika mtambo wa umeme wa injini, kwa nje, juu ya mafuta na vumbi lililoganda. Gundi ile ilibanduka yenyewe kwa ukucha.

Ninaye mjomba aliyekula miaka mingi kwenye injini za mashua. Nilimkuta barazani kwake, Mikindani, anashona nyavu.

"Shikamoo, mjomba."

"Marahaba, mjomba. Naona unasukuma."

"Inavuja, mjomba. Sili wamebadilisha, gundi wamepaka, bado."

Hakuinuka hata kuitazama. Akauliza, "Kabla ya kuweka hiyo sili, aliiosha injini?"

Hakuna aliyeiosha. Mjomba akasema oili ni kitu cha kuteremka. Inatoka juu, inafuata kona na mbavu za injini, upepo wa safari unaisukuma nyuma, halafu inadondokea mahali pa chini kabisa. "Mahali inapodondokea ndipo inapoagana na wewe. Nenda kaoshe, utafute inapokukaribishia."

Nimeshika hilo mpaka leo, na kwa pikipiki zote nilizosaidia kuzifungua baada ya hapo, uoshaji ndio uliofanya kazi kubwa kuliko spana yoyote.

Kuosha kwenyewe kuna namna yake. Injini iwe imepoa kabisa. Maji ya baridi kwenye silinda ya moto yanaweza kupasua au kupinda. Kwanza napiga brashi na mafuta ya taa kwenye kila kona, kuanzia hedi, yaani kichwa cha injini, kushuka chini, nasubiri uchafu ulegee. Kisha maji na sabuni ya unga, nasuuza, nafuta kwa tambara, naiacha juani mpaka ikauke kweli. Kwa sisi wa samaki kuna jambo la ziada. Barafu ikiyeyuka, maji ya chumvi hudondoka kutoka kwenye deli na kupita juu ya injini safari nzima. Maji hayo yakichanganyika na vumbi la njia ya Nanyamba hufanya ukoko mweusi unaofanana na oili kwa macho. Kwa kidole unaujua: oili huteleza na kubaki inateleza, ukoko wa chumvi hukwaruza. Grisi ya cheni nayo ni nzito na ina mchanga ndani. Petroli kutoka kaboreta ni nyepesi, hunuka kwa mbali na kukauka. Nimeona kijana akitaka kufunguliwa injini, kumbe kinachomlowesha ni petroli kutoka kwenye mpira uliopasuka.

Injini ikishakauka, nachukua poda ya watoto na kuinyunyiza juu yake, hasa kwenye maungio. Poda ikikosekana, hata unga mkavu wa muhogo unafaa, ingawa ukishalowa huganda kama uji na unataka kuoshwa mapema. Nikawasha, nikaiacha ipate moto, nikazunguka kidogo mpaka njia panda na kurudi. Nikapiga magoti na tochi ya simu.

Sili ya gia ilikuwa nyeupe na kavu. Mstari mweusi ulianzia juu kabisa ya kava la magneti, pale nyaya za koili zinapotokea nje kupitia kipande cha mpira. Oili ilitoka kwenye mpira huo, ikashuka nyuma ya kava, ikapita juu ya shafti ya gia, ikadondoka chini ya pedali. Kulikuwa na mahali pa pili, upande wa mbele wa kava hilohilo, ambapo gasketi, ile karatasi ya kuziba kati ya kava na injini, ilikuwa inatoa unyevu. Mahali pawili, na hakuna hata mahali pamoja palipotengenezwa ipasavyo na mafundi wale wawili.

Hapo hamu ya kufungua boliti huwa kubwa. Lakini mjomba alikuwa amenionya nisifungue chochote kabla ya kujua kwa nini oili inatafuta njia ya kutoka. Mpira wa nyaya hukaa pale miaka bila kuvuja. Kitu gani kimeanza kuisukuma?

Injini ya silinda moja hupumua. Pistoni inaposhuka, husukuma hewa iliyo chini yake. Kwa injini ya 125 cc hiyo ni hewa ya karibu sentimita za ujazo 125 kila mara, na kwenye mizunguko 5000 kwa dakika inafanya hivyo mara 5000. Aidha kuna moshi kidogo unaopenya kwenye ringi za pistoni hata kama ringi ni nzima. Hewa hiyo lazima ipate pa kutokea, na ndiyo kazi ya ule mpira mwembamba unaotoka sehemu ya juu ya injini. Kwenye pikipiki nyingine huenda kwenye boksi la hewa, kwenye nyingine huachwa ukining'inia chini karibu na gurudumu la nyuma. Mpira huo ukizibika, hewa inasukuma sili na gasketi zote kwa pamoja, na ile iliyo dhaifu kuliko zote ndiyo inayoachia. Ukibadilisha hiyo, inafuata nyingine. Watu hubadilisha sili moja baada ya nyingine mpaka wanaamini injini yao ina laana.

Mpira wangu ulikuwa umezibwa na tope kavu, gumu, la mviringo. Manyigu wa udongo walijenga ndani. Zaidi ya hayo, keria ilipochomelewa chuma cha kuongeza nguvu kwa ajili ya deli, chuma kile kiliubana mpira ukawa bapa. Nilibadilisha mpira wote, nikaupitisha njia isiyobanwa, na mwisho wake nikaukata kwa mshazari ukitazama chini na nyuma ili maji yasiingie. Kitundu cha kwenye injini nilikizibua kwa kijiti laini na kukipuliza kwa mdomo mpaka hewa ikapita bila kulazimisha.

Kuna kipimo kingine cha kufanya kabla ya kununua spea. Injini ikiwa inanguruma taratibu, fungua kizibo cha kujazia oili na uweke kiganja juu. Mapigo mepesi ya hewa ni kawaida. Ukipata msukumo mkali wenye moshi unaoendelea kutoka, na ekzosi inatoa moshi wa bluu, basi ringi na silinda zimeisha. Hapo hakuna gasketi itakayokuokoa. Kazi ni ya kuvua hedi na bloku, na kwa maoni yangu hiyo mpelekee fundi mwenye vipimo. Yangu ilipumua vizuri.

Kingine ni wingi wa oili. Wako wanaomwaga oili ya zamani pikipiki ikiwa imeinama kwenye stendi ya pembeni, nusu inabaki ndani, halafu wanajaza chupa nzima ya lita moja. Oili ikizidi, hupigwapigwa na kutoa povu, na msukumo unapanda. Pimia kwenye ardhi tambarare, pikipiki ikiwa imesimama kwenye stendi ya katikati, dakika chache baada ya kuzima. Kwenye injini ya CG kijiti cha kupimia hakifungwi kwa kuzungushwa wakati wa kupima; kinalazwa tu kwenye tundu, kinatolewa, kinasomwa.

Baada ya hapo ndipo nikaenda mjini kwenye duka la spea. Nilinunua gasketi ya kava la magneti, gundi ya silikoni inayohimili joto, washa mpya ya boliti ya kumwagia oili, na oili 20W-50 ya pikipiki. Neno "ya pikipiki" lina uzito. Kuna oili za magari zenye viungo vya kupunguza msuguano, na klachi inayoogelea kwenye oili ikizipata inaanza kuteleza. Unapandisha kilima, injini inalia, chombo hakiendi.

Kazi niliifanyia chini ya mwembe, asubuhi, mbali na jiko la mama watoto. Nilikuwa na petroli kwenye kopo kwa ajili ya kusafishia na sikutaka moto wala mvutaji sigara karibu. Nikatandika gunia, juu yake shuka kuukuu. Kitu kidogo kikidondoka kwenye mchanga wa Mikindani, kimekwenda.

Nilipasha injini kidogo ili oili iwe nyepesi, nikaimwaga kwenye beseni. Nikavua pedali ya gia, baada ya kupiga alama ya mkwaruzo ili irudi kwenye meno yaleyale. Nikavua kikava kidogo cha sproketi. Kisha zikaja boliti za kava la magneti, na hapa ndipo mtu wa pwani anapoteseka tofauti na mtu wa Newala au Masasi.

Boliti ni za chuma, kava ni la alumini, na katikati yake kuna chumvi. Vitu hivyo vitatu vikikaa pamoja, alumini huliwa na kutoa unga mweupe unaoishika boliti kama saruji. Ukitia nguvu, kichwa kinakatika na kipande kinabaki ndani ya injini. Siku moja kabla nilikuwa nimepulizia mafuta ya kulegezea kutu kwenye kila boliti na kuyaacha usiku kucha. Asubuhi nikaweka kipande cha chuma bapa juu ya kichwa cha kila boliti na kukipiga nyundo, pigo moja fupi na kavu. Mtikisiko huo unavunja unga ule ndani ya nyuzi. Ndipo nikaanza kufungua, na mwendo wangu ulikuwa robo mzunguko mbele, kidogo nyuma, robo tena. Boliti iliyolia nilirudia kuipa mafuta na kuiacha, nikahamia nyingine. Moja iligoma kabisa. Nilimwagia maji ya moto ya birika kwenye kava kuizunguka, alumini ikatanuka kuliko chuma, ikakubali. Maji yanatosha, moto wa wazi kwenye injini yenye petroli juu yake mimi siutaki.

Boliti hizo hazina urefu mmoja. Ukiweka ndefu kwenye tundu fupi, utaona inakaza kumbe imegota chini na kava halijabanwa. Ukiweka fupi kwenye tundu refu, nyuzi chache za juu zinaliwa. Nilichora umbo la kava kwenye kipande cha boksi, nikatoboa matundu, kila boliti ikachomekwa mahali pake. Kijana wa jirani aliyekuwa ananishikia chombo aliuliza kwa nini nahangaika hivyo. Nikampa boliti mbili azilinganishe mkononi, akaona mwenyewe.

Kava la magneti halitoki kwa kupenda. Ndani yake kuna koili zenye chuma, na rota iliyobaki kwenye krankshafti ina sumaku kali, kwa hiyo unavuta na sumaku inarudisha. Ivute sawasawa, vidole visikae katikati. Kamwe usichomeke bisibisi kwenye maungio ukalibandua. Alumini ni laini. Mkwaruzo mmoja wa bisibisi ni mfereji ambao oili itaupita hata ukiweka gasketi mpya. Mimi niligonga pembeni kwa mpini wa mbao wa nyundo, nikizunguka, mpaka lilipoachia. Angalia pia gia ndogo ya stata na pini yake: inaweza kutoka pamoja na kava na kudondoka bila kuonekana.

Mkwaruzo niliukuta palepale mbele, mahali penye unyevu. Kuna aliyewahi kulibandua kwa bisibisi. Na gundi iliyowekwa zamani ilikuwa imejikunja kwa ndani, nyuzinyuzi nyeusi zikining'inia. Hilo lilinitia hofu kuliko uvujaji wenyewe. Gundi inayominywa nje unaiona na kuifuta. Ile inayominywa ndani hukatika, huelea kwenye oili, na kwenda kuziba wavu wa chini unaochuja kabla ya pampu. Nilifungua wavu wangu na kukuta vipande. Pampu ikinyimwa oili, hedi ndiyo inayokauka kwanza, na wewe ukiwa juu unasikia tapeti zinapiga kelele ukadhani ni suala la kurekebisha tapeti, yaani nafasi za valvu.

Rota nayo niliifuta. Sumaku hukusanya unga wa chuma kutoka kwenye oili, na unga laini wa kijivu ni kawaida kwa injini iliyotembea. Vipande vinavyong'aa vyenye pembe si kawaida. Kwangu ulikuwa unga.

Kusafisha sehemu za maungio kulichukua muda mrefu kuliko kazi nyingine zote, na sikuona sababu ya kuharakisha. Nililowesha gasketi ya zamani kwa petroli, nikaikwangua kwa wembe uliolala karibu bapa, nikimalizia kwa kipande cha mbao ngumu. Msasa niliutumia mmoja tu, laini, uliofungwa kwenye kibao kilichonyooka, kwa ajili ya kusawazisha kingo za ule mkwaruzo. Msasa wa mkononi hutengeneza mabonde. Matundu ya injini niliyaziba kwa tambara safi ili takataka isiingie. Mwisho nikafuta pande zote mbili kwa tambara lenye petroli kidogo na kuacha zikauke. Gundi wala gasketi haishiki juu ya mafuta.

Gasketi ya dukani ilikaa vizuri kwenye zile pini mbili za kuelekeza. Ikitokea hujaipata, unaweza kukata mwenyewe kutoka kwenye karatasi ya gasketi: lilaze kava, weka karatasi juu, gonga taratibu kwa nyundo ndogo kufuata kingo mpaka karatasi ikatike, na matundu ya boliti uyatoboe kwa kugonga gololi juu yake. Boksi la biskuti au la sigara usitumie. Linanyonya oili na kuvimba. Kwa upande wa klachi mimi nanunua tu, kwa sababu unene wa gasketi upande ule unaweza kugusa nafasi ya vitu vya ndani.

Gundi niliitumia mahali pawili tu. Kwanza kwenye ule mpira wa nyaya: niliutoa kwenye kitundu chake, nikauosha, nikafuta kila waya maana oili hupenda kutambaa kufuata nyaya, nikapaka gundi kuuzunguka na katikati ya nyaya, nikaurudisha. Pili kwenye ule mkwaruzo, utando mwembamba kama wa rangi ya kucha, si zaidi. Gasketi yenyewe niliipaka grisi kidogo upande mmoja ili siku nyingine itoke bila kuchanika.

Wakati wa kurudisha kava, sumaku ile ile inayosumbua kutoa inakusaidia kwa nguvu usiyoitaka: linavutwa na kugonga. Niliweka vidole nje kabisa, nikaliongoza na pini. Kila boliti ilipakwa grisi kidogo kwenye nyuzi, kwa ajili ya chumvi. Kisha nikakaza kwa mkono zote, halafu kwa spana kidogokidogo, ya kushoto, ya kulia, ya juu, ya chini, ili kava libanwe sawasawa. Boliti hizi za milimita 6 zinahitaji mkazo wa karibu Nyutoni mita 10 tu. Spana ya T ikishikwa kwa vidole, pale juu, inatosha. Nguvu ya bega huua nyuzi za alumini, na nyuzi zikifa utaitafuta mashine ya kukereza mjini.

Silikoni huhitaji muda. Maelekezo ya nyingi husema saa 24 ndipo ikomae. Watu hujaza oili baada ya saa moja kwa sababu wana haraka ya abiria, halafu wanailaumu gundi. Yangu ililala mpaka kesho yake. Boliti ya kumwagia ikapata washa mpya, oili ikaingia kwa kipimo, nikawasha, nikaisikiliza, nikazima, nikapima tena na kuongeza kiasi kilichopungua. Kisha poda mpya juu ya injini yote, na safari ya Nanguruwe bila mzigo.

Ikarudi nyeupe.

Kijana wa jirani aliyenisaidia ana pikipiki aina ya Boxer, na baada ya wiki chache akaja nayo. Yake ilikuwa inatupa oili kwenye cheni mpaka tairi la nyuma likang'aa. Huo ni uvujaji wa hatari, tairi lenye oili halishiki barabara, hasa ukikata kona na abiria. Tukaosha, tukatia poda, tukakuta ni sili ya shafti ya sproketi ya mbele. Kazi yake ni fupi kuliko yangu lakini ina mambo matatu. Sili huandikwa namba, kwa mfano 20 34 7, maana yake milimita 20 tundu la ndani, 34 nje, 7 unene. Nenda dukani na ya zamani mkononi, soma namba, usikubali "inafanana". Upande wenye kispringi ndio unaotazama oili. Na meno ya shafti yazungushiwe utepe mwembamba na mdomo wa sili upakwe grisi, la sivyo meno yanauchana wakati wa kuingiza. Tuliipigilia kwa kipande cha bomba chenye ukubwa wa ukingo wake wa nje. Cheni yake ilikuwa imekazwa kama waya wa kuanikia nguo, na cheni iliyokazwa hivyo inavuta shafti na kula sili pamoja na beringi. Tukailegeza ikacheza kama sentimita mbili hadi tatu. Nilimwambia sili mpya bila kulegeza cheni angeinunua tena kabla ya masika.

Oili chafu naikusanya kwenye dumu lenye kizibo na kuipeleka gereji mjini wanakoipokea. Najua wengi huku huipaka nguzo na mbao kuzuia mchwa, na wengine huimwaga tu nyuma ya nyumba. Mchanga wetu hauzuii kitu, na visima vya watu haviko mbali. Ufuoni nako ndiko ninakopata riziki. Ngozi pia haipendi oili iliyotumika. Nanawa kwa sabuni mara moja, na tambara lililolowa silitunzi mfukoni.

Baada ya wiki ya kwanza ya kazi nilipitisha spana kwenye boliti za kava injini ikiwa baridi. Mbili zilikuwa zimelegea kidogo, jambo la kawaida gasketi mpya inapokaa. Deli nimeliwekea sinia la bati chini yake, lenye mpira unaopeleka maji ya chumvi nyuma ya gurudumu. Mpira wa kupumulia naubinya kwa vidole kila ninapotia petroli kuhakikisha haujabanwa, na mwisho wake nimeufunga wavu mdogo wa chandarua kuzuia manyigu. Upande wa klachi kuna unyevu mdogo kwenye shafti ya kiki. Poda inaonyesha umebaki palepale, haujashuka. Sili yake imeshanunuliwa na iko kwenye kopo la spea. Nitaiweka kabla minada ya korosho haijafunguliwa, siku ambayo bahari imechafuka na hakuna samaki wa kununua.